Mchezo wa kuigiza bila spika: uzoefu wangu na ukumbi mdogo wa Kiponda

Nianze na lawama, maana ndiyo niliyotoka nayo mlangoni siku ya mwanzo. Tangazo lilisema saa mbili usiku, mchezo ukaanza saa tatu kasorobo. Mwanamke wa Unguja akiaga nyumbani kuwa anakwenda Mji Mkongwe usiku kutazama mchezo wa kuigiza, huwa ameshajibu masuala ya kutosha kabla hajavaa viatu. Hana haja ya kurudi akajibu mengine. Juu ya hivyo nimerudi tena na tena, nimempeleka wifi yangu, nimepeleka wanafunzi wangu, na sasa mama naye anadai zamu yake.

Jina la kikundi silitaji. Ni watu wachache wanaojitegemea, mfadhili wa kudumu hawana, na mimi nina ya kuwasifu na ya kuwasema. Ya kuwasema wameshayasikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtaani watu wanapaita "juu" tu. Fika Kiponda, uliza juu wanapochezea ni wapi, utaonyeshwa mlango.

Nyumba ni ya kizamani, ya mawe na chokaa, na mchezo unachezwa ghorofa ya pili katika sebule ndefu nyembamba. Aliyekulia nyumba hizi anajua kwa nini ni nyembamba. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo fundi wa zamani, hata akipewa kiwanja kikubwa vipi, chumba chake kitakwenda urefu, upana hakipati. Mwengine angeona hapo hapafai kwa maigizo. Hawa hawakuhangaika na jukwaa la kuinuka wala pazia. Wametupanga safu mbili, huku na huku, migongo ukutani, tunatazamana kama watu waliokuja hitimani, na wachezaji wanapita katikati yetu. Watu hamsini wakiingia, pamejaa. Mchezaji akigeuka kwa hasira, upindo wa kanzu yake unakupiga gotini.

Kilichonishika hasa ni sauti. Kwetu sisi, kila penye watu zaidi ya ishirini pana spika. Harusi ina spika, mkutano una spika, taarab ndiyo usiseme. Pale Ngome Kongwe, kwenye ule uwanja wa ngazi, ukitazama maigizo unaona maikrofoni inavyopita mkono kwa mkono: mmoja anaapa kuwa atakufa kwa mapenzi, mwenziwe amenyoosha mkono anasubiri zamu ya kumjibu. Na vichekesho vya televisheni navyo vimetuzoesha kuwa kuigiza ni kukodoa macho na kupayuka. Huku juu hakuna maikrofoni hata moja. Mtu ananong'ona, na wewe uliye pembe ya mwisho karibu na dirisha unasikia, tena unasikia mpaka ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema uongo.

Mchezo ulionifunga mimi ulikuwa wa nyumba ya urithi. Mama amefariki, ameacha watoto watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na nyumba ya ghorofa inayovuja. Kaka mkubwa amepata mnunuzi anayetaka kufungua hoteli. Mdogo hajui anataka nini, ila anajua anaogopa: anawaambia wenziwe, "Beit al-Ajaib lenyewe limeanguka, seuze hili letu?" Ukumbi mzima ulitulia hapo. Nani asiyeikumbuka ile tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu ilivyoporomoka mchana kweupe pale Forodhani? Dada yao ndiye aliyebaki na mama mpaka mwisho. Hapingi mafungu ya mirathi, hilo la sheria ya dini, na mchezo ulikuwa na adabu ya kutoligusa. Anachopinga ni kuuza. Wanabishana mpaka juu ya ukarabati, na si ubishi wa kubuni: kaka anataka plasta ya saruji kwa sababu ni rahisi, dada anamwambia saruji inafungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe na ukuta unaoza kwa ndani, chokaa ndiyo inayopumua. Akasema hayo huku anakwaruza ukuta kwa ukucha, na chokaa ya kweli ikamwagika sakafuni. Mchezo unachezwa ndani ya nyumba yenye ugonjwa ule ule unaosimuliwa. Sijui kama walipanga au ni umasikini wao tu. Vyovyote iwavyo, nilitazama boriti za juu ya kichwa changu kwa jicho jengine.

Halafu ikaja sehemu ya mafungu. Dada anatoa kete tano za bao mfukoni, anapiga magoti, anazipanga chini bila ya kusema. Mbili kwa kaka mkubwa. Mbili kwa mdogo. Moja anaishika mwenyewe, anaitazama, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo niliyoiuguza."

Bi mkubwa mmoja aliyekaa safu ya mbele yetu, buibui lake jeusi na mkoba mapajani, akainuka. Nikafikiri anatoka kwenda msalani. Kumbe amefungua mkoba, ametoa noti ya elfu mbili, akaikunja, akaenda taratibu mpaka kwa yule dada akamtia mkononi, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarab ubeti ukimgusa mtu. Akarudi kukaa. Hakuna aliyepumua. Kwa kawaida ya maigizo, mtazamaji akiingia jukwaani mchezo umekufa. Yule mchezaji hakutetereka. Aliiweka noti sakafuni karibu na kete yake, akamtazama kaka yake, akasema, "Haya, zimekuwa mbili. Nimerithishwa na watu." Ukumbi ulipasuka kwa vigelegele, na kaka mtu ilibidi asubiri sana kabla ya kupata nafasi ya kujibu.

Nimewauliza baadaye kama yule bi walimpandikiza. Wakaapa hawamjui. Naamini, kwa sababu mara nyengine niliyokwenda kutazama mchezo ule ule hakuna aliyetunza, na dada akacheza mahali pale kwa kimya kirefu tu, na ilikuwa nzuri kwa namna yake. Ninachotaka kusema ni kwamba watu wetu wanajua kutazama. Wamefundishwa na taarab kujibu kinachowagusa. Ukumbi unaowaruhusu kujibu unapata kitu ambacho kumbi kubwa zenye viti vya kupangwa hazikipati.

Kaka mkubwa, kwa taarifa yenu, mchana ni papasi, dalali wa kuwawinda watalii. Ndiyo maana anajua kumlainisha mtu. Wengine ni fundi cherehani, fundi umeme, mwalimu wa madrasa aliyeacha kucheza baada ya kuoa ila bado anawaandikia. Mwisho wa mchezo kikapu cha ukili kinapita, na kinachoingia ndicho wanachogawana.

Sasa lawama zangu, na nyingi zinatokana na hilo hilo la sauti.

Feni. Zipo mbili, na zote zinanguruma. Zikiwashwa husikii, zikizimwa unarowa. Wao huzizima mchezo ukianza na kuziwasha mapumzikoni. Msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, watu hamsini ndani ya sebule ile ni adhabu. Nimemuona mzee mmoja akitoka katikati ya mchezo si kwa kuuchukia bali kwa kutafuta hewa. Nendeni kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi unaingia madirishani na feni hazihitajiki. Masika msiende kabisa. Paa la bati, mvua ikishika, hata mchezaji akipiga mayowe unaona mdomo tu. Nimekaa hapo mara moja tukingoja mvua ipungue, wachezaji wamesimama walipo kwa muda mrefu, mmoja ameshika kikombe kitupu hajui akiweke wapi.

Siku za Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, nako hapasikiki. Wao hupenda kucheza mwezi ule wa Februari kwa sababu mji unajaa, na wanasema wamechukua mfano wa Edinburgh, kule Uskochi, ambako mwaka 1947 vikundi vinane visivyoalikwa kwenye tamasha kubwa vilikwenda vikacheza pembeni, na leo hiyo pembeni imekuwa kubwa kuliko tamasha lenyewe. Fikra nzuri. Lakini huku kwetu madirisha yako wazi, na besi ya jukwaa kubwa inatembea juu ya mapaa mpaka Kiponda. Mchezo wa kunong'ona haushindani na ngoma. Wakitaka kucheza pembeni mwa tamasha, wacheze mchana.

Na hili la mchana ndilo ninalowapigia kelele kuliko yote. Jumapili moja walijaribu kuanza baada ya sala ya Alasiri na kumaliza kabla ya Magharibi. Wanawake walijaa mpaka ngazini, wengine na watoto mapajani. Mama yangu ananisimulia mpaka leo enzi za sinema, Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi, na maonyesho ya wanawake peke yao, namna walivyokuwa wanajipara kwenda kutazama filamu za Kihindi na kurudi wanaimba. Si kwamba wanawake wa mji huu hawapendi maonyesho. Saa nne na nusu usiku daladala hakuna, teksi ni pesa, na bodaboda si kila mmoja anayeiweza. Nimewaambia: kama usiku ni lazima, andikeni "baada ya Isha" na mwanze baada ya Isha kweli. Mtu wa hapa hiyo anaielewa kuliko saa yoyote.

Usiku wa wageni ni balaa nyengine. Baadhi ya siku wanawauzia watalii tiketi kwa shilingi 25,000, sisi wenyeji 5,000, na hilo sina ugomvi nalo. Pesa hiyo ndiyo inayolipa umeme. Ugomvi wangu ni kuwa siku hizo wageni wanakalishwa upande wa madirisha wenye upepo, na kila onyesho likimalizika kijana anasimama katikati kueleza kwa Kiingereza kilichotokea. Mchezo unakuwa umeshika moto, anakuja anaumwagia maji. Wageni wenyewe nawaona wanaangalia simu anapoeleza, kisha wanaishika pumzi wachezaji wakirudi, ijapokuwa hawajui neno. Wachape karatasi ya maelezo, kila mgeni apewe yake mlangoni. Wifi yangu siku hiyo, mgeni mmoja akimpiga picha kila akicheka, aliniinamia akaniuliza, "Hivi sisi tumekuja kutazama au kutazamwa?" Tangu hapo haendi usiku wa wageni.

Kuna kikundi cha vijana kilichovuka kutoka Wete kuja kucheza hapo kwa siku chache. Mchezo wao ulijengwa juu ya kibati, ile ngoma ya Pemba ya majibizano ya haraka, na nguvu waliyokuja nayo sijaiona kwa wenyeji wetu. Baba na mwana wanagombana kwa kupokezana maneno juu ya mdundo, hakuna anayevuta pumzi, na ugomvi ukipanda ngoma nayo inapanda. Mambo mawili yaliniudhi. La kwanza ni sisi watazamaji: Muunguja akisikia Kipemba anacheka kabla hajasikiliza, na vijana wale walichekewa mahali pa kulia. Mmoja niliuona uso wake ukibadilika. La pili ni lao wenyewe. Mchezo uliishafika mwisho wake, mwana amefungasha, baba amempa kisogo, tumeshaelewa. Mara mchezaji akatoka mbele kutueleza kuwa jamii inapaswa kukaa na watoto wao na kuwasikiliza. Hii ni athari ya michezo ya uhamasishaji, ya malaria, ya Ukimwi, ya udhalilishaji, ambayo mradi hulipia na hutaka ujumbe utamkwe. Wachezaji wengi wa visiwani wamejifunzia huko, na hawana makosa, huko ndiko kulikokuwa na malipo. Ila mtu aliyepanda ngazi zile na kulipa elfu tano hahitaji kuambiwa alichokiona.

Wenyeji wa Kiponda hili wameshaliacha. Michezo yao inakatika pale inapokatika. Jirani yangu mmoja, mtu mzima wa heshima zake, hilo ndilo lililomkasirisha: "Nyumba imeuzwa au haikuuzwa? Mbona wametufukuza bila kutwambia?" Alidai kiingilio chake kwa mzaha nusu na kwa kweli nusu. Mimi nililala na suala hilo hilo na nikaona nimepata thamani ya pesa yangu.

Wanafunzi niliwapeleka Jumamosi moja asubuhi, baada ya kikundi kukubali kutuchezea kwa bei ya skuli. Nasomesha Kiswahili sekondari, na tamthilia darasani kwetu ni dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, funga daftari. Wengi wa watoto wale hawakuwahi kuona tamthilia ikichezwa, zaidi ya kuisoma kwa zamu wakiwa wamekaa. Walichoniuliza njiani wakati wa kurudi hakikuwa dhamira. Msichana mmoja alitaka kujua kwa nini yule kaka mkubwa, kila akisema uongo, alikuwa anafunga kifungo cha kanzu. Kitabuni, akasema, mtu anayesema uongo unamjua kwa maneno yake tu. Wiki ile insha zao zilikuwa tofauti, na mmoja alinijazia ukurasa mzima juu ya kifungo. Walimu wenzangu wa fasihi, kama mna bajeti ya safari moja kwa mwaka, msiipeleke ufukweni.

Upande wa utaratibu mwengine: kibali cha BASSFU, baraza linalosimamia sanaa na filamu Zanzibar, kimebandikwa mlangoni, kwa wale wenye wasiwasi wa kupeleka watoto, na sijasikia neno la kutia aibu katika mchezo wowote niliotazama. Tiketi unalipia kwa simu au mkononi. Chini uani bibi mmoja anauza kahawa, kashata, sambusa za nyama na juisi ya ukwaju. Sambusa ziwahini, mapumziko yakianza tu zinakwisha. Mapumziko yenyewe wanasema robo saa. Si robo saa. Msala ni mmoja, uko chini, na wanawake tunapanga foleni uani huku mchezo unaanza tena bila sisi. Hili nimewaambia na bado. Ramadhani hawachezi. Sikukuu nazo hawachezi, na hapo sielewi: siku nne za Idd watoto wamevaa vipya, pesa za sikukuu ziko mfukoni, wanazunguka Mnazi Mmoja wanatafuta cha kutazama. Alasiri moja tu ya Sikukuu Pili ingewalipia chokaa ya mwaka.

Ngazi ndizo zinazomzuia mama. Ni zile ngazi zetu za zamani, za wima na giza, kamba badala ya mkono wa kushikia, na yeye magoti hayamsaidii. Watu wazima waliokuwa wakijaza Majestic ndio hawa hawa wasioweza kufika juu. Niliwauliza kwa nini wasicheze chini uani angalau mara moja, wakasema uani sauti inapotea kwa sababu hapana dari. Nikawaambia jaribuni. Wamekubali mchezo wa nyumba ya urithi wauteremshe uani Jumapili moja ya kipupwe, alasiri, na viti vya plastiki vya safu ya kwanza viwe vya wazee. Nitaandika tena nikishaona kama kunong'ona kule kunasikika chini ya mbingu.

Kwa atakayekwenda juu hivi karibuni: ukae ukuta wa madirisha kama si usiku wa wageni, na uwe na upepeo wako mkononi. Uende na mtu wa kurudi naye. Mchezo ukimalizika mtoke kwa njia ya Darajani, bodaboda na teksi wapo, ila bei muelewane kabla ya kupanda.